Kutambua Virai vya Kiingereza: Tuanze na Neno Kuu

Wanafunzi ninaowafundisha hapa Kisumu hukutana na virai, yaani mafungu ya maneno yanayoongozwa na neno moja kuu, katika somo la Kiswahili na tena katika somo la Kiingereza, na wengi hudhani kwamba mbinu ya kuvitambua ni moja. Katika Kiswahili, neno kuu la kirai nomino kwa kawaida hutangulia, na yanayolifuata huchukua upatanisho wake: tukisema “mashua zile mbili kubwa za Dunga” (Dunga ni ufuo wa wavuvi hapa Kisumu), sikio lenyewe hutuambia kwamba maneno yote yanaitumikia mashua. Kiingereza husema “those two big boats at Dunga”. Hapo nomino imekaa katikati, kivumishi “big” hakibadiliki hata kidogo, na baada ya nomino hiyo kuna kirai kingine kizima, “at Dunga”, ambacho ni kirai kihusishi (kinaongozwa na kihusishi “at”) kilichomo ndani ya kirai nomino.

Kwa hiyo nasisitiza jaribio la kiwakilishi kabla ya mwanafunzi kutaja jina la kirai chochote. Katika sentensi “Those two big boats at Dunga need paint”, tukiweka “they” mahali pa maneno yote yaliyo kabla ya kitenzi, sentensi husimama. Tukisema “They at Dunga need paint”, huharibika, na hilo lathibitisha kwamba “at Dunga” ni sehemu ya kirai kile kikubwa. Kitenzi nacho hutoa ushahidi, kwa maana katika “The owner of the boats lives in Nyalenda” kinapatana na “owner” wala si “boats”, ingawa “boats” ndilo lililo jirani yake.

Virai vivumishi na vielezi havisumbui sana: “very proud of her catch” kinaongozwa na “proud”, na “quite slowly” kinaongozwa na “slowly”.

Kinachozua mabishano darasani ni kirai kama “before dawn” katika “The fishermen arrived before dawn”. Kimuundo ni kirai kihusishi, kwa sababu kinaongozwa na kihusishi. Kikazi ni kielezi, kwa sababu kinaeleza wakati wa kufika. Majina yote mawili ni sahihi, na naamini ni dhuluma kumnyima mwanafunzi alama kabla ya kumweleza kama swali linauliza muundo au kazi.

Panapohitaji subira zaidi ni kwenye maneno yanayoishia kwa “-ing”. Katika “Selling fish pays her fees”, “selling fish” ni kiima na “it” inaweza kushika nafasi yake, kwa hiyo kinafanya kazi ya nomino. Katika “The woman selling fish is my neighbour”, maneno hayo hayo yanamfafanua mwanamke, na “it” haiwezi kuingia hapo. Katika “She is selling fish”, kitenzi kisaidizi “is” kimeyatangulia, nayo yamekuwa sehemu ya kirai kitenzi.