Chatu wawili, kasha moja: wiki ya 11

Leo nimewatenganisha. Kahawa kabaki kwenye kasha la zamani, Tangawizi kahamia kwenye lake jipya, nami naandika usiku huuhuu mambo yakiwa bado mabichi kichwani.

Kwa wanaoanza kufuatilia: ni chatu wadogo wa aina ya Python regius, ambao asili yao ni Afrika Magharibi na Kati hadi kufika Uganda. Niliwanunua hapa Columbus, Marekani, mwezi Novemba, na muuzaji akanihakikishia kuwa wakiwa wawili watafarijiana. Niliamini. Kila mchana niliwakuta wamejikunja pamoja chini ya chungu kimoja cha maua nilichokifudikiza, Kahawa juu, Tangawizi chini. Dada alipowaona kwenye simu akasema, "Kaka, hao wanapendana." Nikajaza simu picha zao.

Mzani wa jikoni ndio ulionishtua. Walianza karibu sawa, Kahawa gramu 310 na Tangawizi 305. Wiki ya 8 Kahawa alifika 378, Tangawizi ameshuka hadi 281. Kila mmoja nilimlisha peke yake, lakini Tangawizi alikataa panya mara tano. Chatu hawa hususa chakula hata wakiwa salama, kwa hiyo sikutaka kukimbilia kumlaumu mwenzake.

Nikapima joto. Chini ya chungu kile palikuwa na nyuzi 32. Upande wa pili, kwenye maficho ya gome la mti, 25. Nyoka kwa kawaida hajitengenezei joto la mwili la kutosha, na bila joto la kutosha hata mlo alioumeza hausagiki vizuri. Chungu chenye joto kilikuwa kimoja tu, na nyoka walikuwa wawili.

Wiki ya 9 niliweka mkeka wa pili wa joto na chungu kingine kinachofanana kabisa na kile, vyote nyuzi 32. Katika siku saba, siku sita kila mmoja alilala kwenye chungu chake. Siku ya saba nilimkuta Kahawa amemlalia tena Tangawizi, huku chungu cha pili kikiwa kitupu. Picha hiyo nimeitazama mara nyingi. Kichwa cha Tangawizi kimebanwa ukutani, na mwili wake umekazana kama ngumi. Mwezi Novemba ningeiita kumbatio.

Sisemi nyoka wote ni wapweke. Mwaka 2020 watafiti Morgan Skinner na Noam Miller wa Kanada walichapisha kazi yao kuhusu nyoka wa Amerika Kaskazini wa aina ya Thamnophis sirtalis. Waliwapa wadogo 40 maficho ya kuchagua, wakawakuta wakikusanyika, tena wengine wakipendelea kuwa na nyoka fulani kuliko wengine. Ila hao ni aina nyingine kabisa, na jamaa zao kule Manitoba, jimbo la Kanada, hupitisha baridi mashimoni kwa maelfu. Siwezi kuchukua tabia yao nikawavisha chatu wangu.

Makosa yangu yalikuwa kutazama mikao bila kuuliza nani yuko juu, nani anaondoka akisogelewa, nani anakula. Tangawizi nimemwomba radhi kwa sauti wakati namhamisha.

Kasha jipya: nyuzi 32 upande mmoja, 26 upande mwingine, maficho pande zote mbili. Simgusi siku saba. Jumamosi ijayo namjaribu na panya mdogo wa gramu 20, kisha namrudisha mzanini baada ya siku mbili.