Regulata yangu ya mwaka 1974 ilivyorudi majini

Mwalimu aliyenifundisha kupiga mbizi alipolazimika kuacha kwa sababu ya masikio, aliniita akanipa regulata yake, kile kifaa kinachokupa hewa ya mtungi ukiwa chini ya maji, ikiwa ndani ya soksi moja nene ya sufu. "Usiiuze," akasema, na hakuongeza neno. Ilikuwa imetengenezwa mwaka 1974. Kromu ilikuwa imelika kwenye kingo, shaba ikachungulia, na kila ukivuta pumzi ilitoa mluzi mwembamba, kama ndege aliye mbali. Waliozama naye walimtambua kwa mluzi huo hata maji yakiwa machafu.

Nimeizamia miaka kumi na moja. Nawajua wenzangu wanaonicheka, na hao hao wana vya kwao: mmoja ana miwani ya mpira mweusi aliyoanza nayo ujana, mwingine ana mapezi mafupi mapana yenye matundu, yale ambayo Mfaransa Georges Beuchat aliyabuni miaka ya 1960. Ni mazito kuyabeba, lakini yanazama, kwa hiyo hayakunyanyui miguu. Ukimwambia anunue mapya atakutazama kana kwamba umemtukania mama.

Tuachane na kauli ya "mtungi wa oksijeni" kwanza, maana naisikia kila wiki. Mtungini mna hewa hii hii tunayovuta, ila imeshindiliwa mpaka kama bar 200, yaani mara mia mbili hivi ya presha ya kawaida ya hewa. Hatua ya kwanza ya regulata, ile inayofungwa kwenye mtungi, huishusha hadi bar 9 au 10 hivi juu ya presha ya maji yanayokuzunguka. Hatua ya pili, iliyo mdomoni, hukupa hewa pale tu unapovuta, kwa presha ya kina ulichopo. Wazo hilo ndilo walilokuwa nalo mpiga mbizi Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan kule Ufaransa mwaka 1943, na bado ndilo linalotumika. Ndiyo maana regulata ya zamani iliyotunzwa bado inavutika vizuri.

Yangu ilianza kuleta shida siku moja tukiwa juu ya boti, mtungi umeshafunguliwa. Hatua ya pili ikawa inavujisha hewa: shhh. Nikibonyeza kitufe cha mbele inanyamaza, nahesabu sekunde saba, nane, inaanza tena. Nikaazima ya mwenzangu siku hiyo.

Fundi wa kwanza, kijana mwenye karakana safi, aliigeuza mara mbili akanirudishia. "Kaka, spea zake hakuna. Hii iweke ukutani, ununue mpya." Nilitoka nimekasirika. Sasa naona hakukosea sana. Alisomea chapa mbili, na fundi anayekataa kufungua asichokijua namheshimu kuliko yule anayefungua kwanza ndipo anafikiri.

Ikanichukua miezi mitatu. Nilichogundua ni kwamba kuuliza "spea za modeli hii" kunakufungia mlango. Pete za mpira, zile oringi, nyingi zina vipimo vya kawaida tu vinavyotumika kwenye mashine chungu nzima. Na kikalio, kile kipande kidogo cha plastiki ambacho ncha ya pistoni hukikalia ili kuziba hewa, watengenezaji waliendelea kukitumia kwenye modeli za baadaye. Nilipoanza kuuliza kipande kwa kipande, majibu yakaanza kuja. Mojawapo likanifikisha kwa mzee mmoja aliyekuwa akifanya sevisi za regulata za aina hii zilipokuwa mpya. Akakubali, kwa sharti nikae kitako nitazame.

Kabla hajagusa skrubu, alifunga geji ya kupima presha inayotoka hatua ya kwanza. Mshale ukasimama bar 9.5. Akaniambia nitulie. Taratibu ukasogea: 10, 10.5, ukaipita 11, na hapo hatua ya pili ikaanza ule mvujo wake. "Umeona inavyopanda ngazi?" akasema. "Wewe ulidhani ugonjwa uko mdomoni, kumbe uko huku upande wa mtungi, kwenye hatua ya kwanza." Alipoifungua akanipa lenzi. Juu ya kikalio palikuwa na duara lililochimbika, mfereji mwembamba kuliko unywele, alama ya pistoni iliyogonga hapo hapo miaka yote. Hewa ilikuwa inapita kwenye mfereji huo.

Sehemu za shaba zililala kwenye siki iliyochanganywa na maji mpaka ukijani wa chumvi ukaachia. Vya mpira vyote alivikusanya kwenye kisahani. Pete moja ilikatika alipoinyanyua kwa kijiti. "Chuma chako nitakurudishia, mwanangu. Mpira uliokuwa humu haurudi." Nikajaribu kuutetea ule mrija wa mpira unaoleta hewa mdomoni, kwa sababu ulionekana mzima. Akaisogeza ile ala inayofunika maungio, akaukunja mbele ya macho yangu, na nyufa zikafunguka karibu na chuma. Sikutetea kitu kingine.

Tuliijaribu kwanza kwenye bwawa, mita tatu, mwenzangu akiwa pembeni na hewa ya akiba. Hakukuwa na mvujo, ila kila pumzi ya nne au ya tano nilionja maji. Hapo ndipo nilipopoteza wiki mbili za maisha yangu. Nikabadilisha kiwambo, ule utando wa mpira unaotenga maji na hewa kwenye hatua ya pili. Nikabadilisha vali ndogo ya kutolea pumzi, nikaitazama kama ina mchanga au unywele chini yake. Maji yakaendelea. Mzee aliponiona narudi tena, alikata kile kifungo cha plastiki kinachoshika kipande cha kung'ata, akakivua. Chini ya kifungo palikuwa na mpasuko wa urefu wa punje ya mchele, na ndicho kitu pekee ambacho sikukivua, kwa vile meno yangu yalikizoea. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote.

Nisije nikaeleweka vibaya: si kila cha zamani nilikipigania. Mtungi wangu wa alumini ulikuwa wa aloi ya 6351, ile inayojulikana kwa kupata nyufa shingoni, na mkaguzi alipoukataa sikubishana naye. Mtungi uliojaa ukipasuka hauchagui wa kumuumiza. Jaketi langu la kwanza la kuelea nalo lilianza kupoteza hewa mishononi, nikalitupa bila hata kuliaga. Mkanda wenye vipande vya risasi ninao bado, risasi haizeeki.

Siku niliyorudi nayo baharini nilishuka mita kumi na mbili, nikapiga magoti kwenye mchanga, nikavuta pumzi. Kimya. Nikavuta tena kwa nguvu. Hewa ilikuja laini kuliko miaka yote niliyokuwa nayo, mapovu yakapita karibu na sikio, lakini ule mluzi haukuwepo. Dakika kumi za kwanza nilikuwa natazama geji kila mara nikidhani mtungi umefungwa. Mzee alikuja kunieleza kwamba springi iliyochoka kwenye hatua ya pili ndiyo iliyokuwa ikitetemeka, naye aliibadilisha bila kufikiri mara mbili. Akanionyesha ile ya zamani, akaniuliza kama naitaka. Niliipokea. Iko kwenye soksi.

Jioni ile nilimpigia simu mwalimu wangu kumpa habari kwamba regulata yake imezama tena. Jambo la kwanza aliloniuliza:

"Bado inaimba?"

"Haiimbi tena, mwalimu. Fundi anasema springi ilikuwa imechoka."

Akakaa kimya kidogo.

"Kumbe siku zote hizo ilikuwa inaumwa," akasema. "Na mimi niliipenda kwa hilo."