Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Meko ya Gesi Mjini Goma

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chai ninaupanga upya mkoba wangu: spana mbili, brashi laini, sifongo na maji ya sabuni, kipima umeme, na kifaa kinacholia kikikutana na monoksidi ya kaboni, ile sumu isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye moto uliokosa hewa ya kutosha. Usiku wa Goma una baridi, hasa upepo ukishuka kutoka upande wa volkano ya Nyiragongo, na nyumba zilizofungiwa meko ya gesi ya kupasha joto sebuleni hunipigia simu alfajiri.

Saa 2 asubuhi, Himbi. Mama mwenye nyumba ananipokea mlangoni: “Papa fundi, moto unawaka vizuri, lakini nikiachilia kitufe unazimika.” Mama huyu amefanya yote yaliyo juu yake. Amehakikisha kwamba chupa haijaisha na valvu yake imefunguliwa, amekishikilia kitufe kwa nusu dakika nzima, na aliposhindwa mara ya tatu akafunga gesi na kuniita. Laiti wateja wangu wote wangeishia hapo.

Ninapiga magoti na kuondoa kioo. Mwali mdogo wa kuwashia unapaswa kuwa wa samawati na kuikumbatia ncha ya kijiti cha chuma kinachohisi joto. Huu ni wa manjano, umelegea upande mmoja, na ncha ya kijiti imevaa masizi. Kijiti hicho kikipata moto hutoa umeme kidogo sana, milivolti 20 hadi 30 hivi, nao ndio unaoshikilia valvu ya ndani ibaki wazi. Umeme ukipungua, valvu hujifunga ili gesi isimwagike chumbani. Kipimo changu kinaonyesha milivolti 7. Ndani ya tundu la gesi, ambalo ni jembamba kuliko tundu la sindano, buibui ametanda utando wake. Ninalisafisha kwa kupuliza hewa, kamwe si kwa waya, kwa sababu waya hulipanua tundu na kuuharibu moto wote. Ninasugua masizi, ninawasha tena, nasubiri: milivolti 24. Ninaachilia kitufe, na mwali unabaki.

Saa 4 na nusu, simu kutoka Katindo: nyumba nzima inanuka gesi. Hapa sisubiri kufika ndipo nizungumze. Ninawaambia wasiwashe wala wasizime taa, wafunge chupa ikiwa wanaifikia bila hatari, wafungue milango, watoke wote, na waendelee kuongea nami wakiwa nje ya ua. Sisi watu wa Goma hatuhitaji kufundishwa sana kuhusu hewa nzito, kwani tumekua tukiambiwa tusiwaache watoto wala mbuzi kwenye mabonde yenye mazuku, yaani hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kuua. Gesi ya chupa nayo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujikusanya penye shimo, ila hii, tofauti na mazuku, hulipuka. Nilipofika, harufu ilikuwa imekwisha. Nikapaka maji ya sabuni kwenye mpira wa gesi, na karibu na shingo ya chupa povu likaanza kuvimba polepole juu ya ufa usioonekana kwa macho. Mpira ule ulikuwa umekauka hadi kukakamaa. Nikaubadilisha na kupima tena viungo vyote.

Saa 7 mchana ninakula sombe na ugali Birere, haraka.

Saa 8 mchana, Keshero. Hapa nilikaa muda mrefu kuliko kote. Meko hii haina bomba la kutolea moshi, na dalili yake ni ileile ya Himbi: mwali unazimika, hasa usiku. Papa mwenye nyumba ameshaambiwa na mtu kwamba kile “kijiti kinachosumbua” kinaweza kurukwa kwa waya ili valvu isijifunge tena, na ananiomba nifanye hivyo. Ninakikagua: ni kisafi, umeme wake ni kamili. Nainua macho. Madirisha yamezibwa kwa plastiki, na tundu la hewa juu ya mlango limejazwa matambara.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi. Katika meko za aina hii, oksijeni ikishuka hadi karibu asilimia 18, mwali hujitenga na kijiti, nayo gesi hukatika. Kifaa kilikuwa kizima. Chumba ndicho kilichokosa hewa. Nikauliza kama kuna anayeumwa kichwa jioni. Mama akajibu kwamba watoto huumwa, na wakitoka nje hupona. Nikakataa waya ule, nikamweleza Papa sababu kwa utulivu, kisha tukavuta matambara pamoja.

Saa 11 jioni ninarudi nyumbani kwa pikipiki na kuandika vipimo vya siku.

Saa 3 usiku Papa wa Keshero ananipigia. Mwali haujazimika tangu jioni, dirisha limeachwa wazi kwa upana wa kiganja, na watoto wamelala chumba kingine. Ninamwomba aizime meko kabla naye hajalala, na ninamsubiri kwenye simu mpaka nisikie kitufe kikirudi.