Nilivyoweka Python 3.8 na 3.12 kwenye kompyuta moja

Nilikuwa na miradi miwili ya Python, lugha ya kuandikia programu, isiyopatana. Mmoja wa zamani, maktaba zake kadhaa zikitegemea distutils, moduli ya zamani ya kujenga na kusakinisha vifurushi iliyokuja na Python yenyewe. Mwingine mpya, ukidai Python 3.12. Sasa distutils iliondolewa kwenye 3.12 hiyohiyo, iliyotoka Oktoba 2023, kwa hiyo sikuwa na toleo moja la kuiridhisha miradi yote miwili.

Wengi hapo hukimbilia kubadilisha Python iliyokuja na mfumo. Mimi sikuigusa. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni mifumo ya Linux, baadhi ya zana za mfumo zimeandikwa kwa Python na zinategemea toleo lilelile zililokuja nalo. Ukiielekeza `python3` kwingine, zinaanza kuanguka moja baada ya nyingine. Kuanzia Debian 12, hata pip, zana ya kusakinisha vifurushi vya Python, hukataa kuviweka humo na kutoa ujumbe wa `externally-managed-environment`. Wapo wanaoupita ujumbe huo kwa `--break-system-packages`. Jina la chaguo lenyewe linatosha kuwa onyo.

Nikachagua pyenv, zana ya kuweka matoleo kadhaa ya Python na kuchagua la kutumia. Yote inakaa ndani ya `~/.pyenv`, na ukiichoka unafuta folda hiyo pamoja na mistari michache ya `.bashrc`, faili linalosomwa kila ukifungua terminali.

Jasho liko kwenye kusakinisha. Kwa kawaida pyenv haikuletei Python iliyo tayari: inapakua msimbo chanzo na kuukompaili, yaani kuugeuza kuwa programu inayoendeshwa, papo hapo. Kwa hiyo kabla ya `pyenv install` niliweka `build-essential`, `libssl-dev`, `zlib1g-dev`, `libffi-dev`, `libsqlite3-dev`, `libbz2-dev`, `liblzma-dev` na `libreadline-dev`. Usiiruke hatua hii. Ikikosekana maktaba ya ssl, kazi inasimama na unajua mara moja. Ikikosekana ya sqlite3, unapata onyo tu katikati ya maandishi mengi, kazi inakamilika vizuri, halafu siku programu inapoomba hifadhidata ndipo unapoambiwa moduli haipo. Ndiyo maana kila toleo likimalizika kusakinishwa, nalipima hivi, nikitumia python ya toleo hilohilo:

`python -c "import ssl, sqlite3, bz2, lzma, ctypes"`

Likikaa kimya, liko sawa.

Baada ya hapo mambo ni mepesi. Ndani ya folda ya mradi wa zamani niliandika `pyenv local 3.8`, na kwenye ule mpya `pyenv local 3.12`. Amri hiyo huacha faili dogo, `.python-version`. Ukiita `python`, unayekutana naye kwanza ni kijiskripti kilichomo `~/.pyenv/shims`, kwa sababu folda hiyo iko mwanzoni mwa PATH, orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta amri. Kinaangalia kigezo cha mazingira `PYENV_VERSION`, kisha `.python-version` ya folda uliyomo, kisha za folda zilizo juu yake, na mwisho chaguo la jumla. Ukishangaa kwa nini toleo fulani limechaguliwa, `pyenv version` itakuonyesha faili lililoamua.

Lakini pyenv hutenganisha matoleo, haitenganishi vifurushi vya miradi inayotumia toleo moja. Kwa hiyo kila mradi bado naupa venv yake, yaani folda ya Python yenye vifurushi vya mradi huo peke yake. Venv hiyo imefungwa na Python iliyoiunda, kwa hiyo ukifuta toleo kwa `pyenv uninstall`, venv nayo imekufa. Mimi siihangaikii: naifuta na kuiunda upya kutoka `requirements.txt`, orodha ya vifurushi vya mradi.

Kwenye cron, huduma inayoendesha kazi kwa ratiba, usitegemee haya yote. Cron haisomi `.bashrc`, haijui pyenv ni nini, na itaishia kwenye Python ya mfumo. Humo naandika njia kamili hadi `.venv/bin/python` ya mradi husika.

Ile 3.8 naitumia kwenye mashine yangu tu. Iliacha kupewa marekebisho ya usalama Oktoba 2024, kwa hiyo siipandishi kwenye seva, na maktaba za mradi ule zikishaachana na distutils naifuta.