Kipande kilichopinda

Trela lilirudi karakanani kwetu Chang'ombe jua la mchana likiwaka, bado lina vumbi la barabara ya Tunduma. Dereva alisema kasikia mlio tu. Mzee, fundi wetu mkuu, akajipenyeza chini, akasugua chasisi kwa brashi ya waya, akapulizia dawa nyekundu ya kutafutia nyufa, akaifuta, kisha ile nyeupe. Tukasubiri. Taratibu mstari mwekundu ukajichora ukingoni mwa mshono wa kuchomelea, mwembamba kama unywele, mrefu kama kiganja.

Miguu iliniisha nguvu. Hesabu ya umri wa mshono ule ilikuwa yangu. Nilikata vipande vya upana wa vidole 3 kutoka bati la aina ileile, lililochomelewa na fundi yuleyule, nikavipima kwenye mashine ya kuvuta na kulegeza. Vilivuka mizunguko milioni 2 bila kukatika, nami nikaandika kwamba trela litadumu miaka mingi.

"Kijana wangu, vile vipande ulivikataje?"

"Kwa msumeno, Mzee."

Nilipotamka hivyo ndipo nikakumbuka. Kila nilipokaribia kumaliza, mwanya ulijibana ukaunasa msumeno, na kipande kilipoachia kilipinda kidogo. Nililaumu bati, nikaendelea na kazi.

Mshono ukipoa husinyaa, lakini bati kubwa linalouzunguka halikubali kuufuata. Mvutano hubaki umefungwa humo, pengine karibu na kiwango cha chuma kuanza kuvutika kisirudi. Ukikata kipande chembamba, sehemu kubwa ya mvutano huo inatoka. Trela lilibaki nao wote, na kila shimo la barabarani liliongeza juu yake. Tena trela lina mita nyingi za mshono, na ufa huanzia pale palipo dhaifu kuliko pote. Kipande changu kilikuwa na sentimita chache tu. Mimi nilipima chuma kilichokwisha kupumzika.

Mpaka leo namwaza yule dereva akiteremka mlima Kitonga na mzigo wake, juu ya mshono niliouthibitisha mimi.

Mzee akachukua kipande kimoja ambacho hakikukatika, akakilaza juu ya kioo, akaingiza wembe chini yake. Ukapita hadi katikati bila kugusa kitu. Nikaleta faili la trela, nikaikata namba yangu ya miaka kwa kalamu, tukaanza upya na grafu za umri wa mishono zilizotokana na majaribio ya mihimili mizima.