Siku moja na walimu kwenye mikoko ya Kunduchi

Saa 11:00 alfajiri

Kabla ya chai nafungua jedwali la kupwa na kujaa kwa maji ya bahari. Nililiangalia jana na juzi, ila leo ndiyo siku yenyewe, na nina walimu ishirini na wawili wa kuwaingiza kwenye tope. Mwezi ulipevuka juzi, kwa hiyo tuko kwenye bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na bamvua ya pwani yetu hii hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Wiki ijayo, wakati wa maji mafu, bahari haitarudi nyuma vya kutosha na mizizi tunayoitaka itakuwa bado imezama. Ndiyo maana tarehe ya mafunzo niliipanga kwa kufuata mwezi.

Kazi yangu ni kuwafundisha wanaofundisha: walimu wa shule za msingi, waongoza wageni wa misituni, vijana wanaosimamia klabu za mazingira. Wengi wananijia wakiamini kwamba wamepungukiwa na maarifa. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kuona kwamba sivyo. Maarifa wanayo. Walichokosa ni nafasi ya kujaribu kufundisha nje huku mwenzao akiwatazama, kisha kujaribu tena.

Napakia mkoba: filimbi, kamba ya katani, lenzi za mkononi, maji ya kunywa, dawa ya chumvi na sukari ya kuongezea maji mwilini, bandeji, glovu, orodha ya majina na namba za simu za watu wa nyumbani, nakala ya kibali. Mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na huwezi kuingia na kundi hivi hivi. Serikali ya mtaa nayo ina barua yangu. Mwalimu akiniuliza aanze kutafuta nyenzo gani ili afundishe nje, namwonyesha mkoba huu na karatasi zake. Mtoto mmoja akirudi nyumbani na mguu uliochanwa na chaza, bila hata kitambaa cha kufungia kidonda, shule ile haitasikia tena habari ya somo la nje kwa miaka.

Saa 1:00 asubuhi

Daladala ya Tegeta kutoka Mwenge, nashuka Mtongani, bajaji hadi shuleni tunapokutania. Foleni ya Barabara ya Bagamoyo leo imenihurumia.

Saa 2:00 asubuhi

Walimu wamefika, karibu wote na viatu vya kufunga kama nilivyoomba. Wawili wamekuja na ndala. Nimebeba raba za akiba kwa ajili hiyo.

Hatufungui kwa hotuba. Hapa nina msimamo, na sioni haya kuusema. Nimekaa kwenye semina nyingi za elimu ya mazingira: ukumbi, projekta, bango kitita, mada ya uharibifu wa misitu kwa slaidi arobaini, chakula cha mchana, cheti. Mwalimu anarudi shuleni na kitini kizuri kabatini, na Jumatatu anafundisha mfumo ikolojia kwa kuchora mishale ubaoni, mgongo ukiwa umeelekea dirisha lenye mwembe uliojaa ndege, mijusi na sisimizi. Simlaumu hata kidogo. Alifundishwa ndani, naye akafundisha ndani. Watu hufundisha kwa namna waliyofundishwa, na kama tunataka walimu wa nje, mafunzo yao lazima yafanyike nje.

Kwa hiyo natoa maelekezo ya usalama tu. Kila mmoja ana mwenzake wa kumwangalia. Filimbi mara moja, simama. Mara tatu, wote turudi kwenye mti mkubwa pale juu. Tunahesabiana tunapoingia, tukiwa katikati na tunapotoka. Saa tano na nusu tunaanza kutoka hata kama tumekolea vipi.

Saa 3:30 asubuhi

Zoezi la kwanza: kila mtu anachagua mahali pake, anakaa peke yake dakika kumi, simu mfukoni. Dakika mbili za mwanzo ni za kuhangaika. Kufikia ya tano, mabega yanashuka na watu wanaanza kuona.

Tuko na mzee mmoja mvuvi wa hapa hapa Kunduchi, ninayemwalika kila ninapoleta kundi, na humlipa kama ninavyomlipa mwezeshaji yeyote. Walimu wanamsalimia mmoja mmoja, "Shikamoo mzee," naye anaitikia marahaba huku akitazama viatu vyao. Anawatajia miti kwa kuigusa: mkoko wenyewe wenye miguu iliyotanuka, mchu, mlilana kule mbele penye mawimbi, mkandaa ambao magome yake yalitumika kutia rangi. Anawaeleza jinsi boriti za pwani hii zilivyosafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni kujengea nyumba, na kwamba leo ukikata bila kibali unakamatwa. Nimewahi kuona mwezeshaji akimweka mtu kama huyu aseme maneno mawili ya kukaribisha kisha akae pembeni. Ni kupoteza mtaalamu aliyesimama mbele yako.

Saa 4:30 asubuhi

Maji yametoka. Sasa kazi yenyewe.

Walimu wako vikundi vya watu watano au sita, na katika kila kikundi mmoja anafundisha, mmoja anaandika, waliobaki ni wanafunzi. Anayeandika hahukumu chochote. Anaandika mambo mawili: mwalimu amezungumza dakika ngapi, na maswali yametoka kwa nani. Namna ya kuongoza ni ya sentensi tatu tu: *naona*, *najiuliza*, *inanikumbusha*. Nimeitoa kwenye mradi wa BEETLES wa Lawrence Hall of Science, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambao umetayarishwa hasa kwa watu wanaofundisha sayansi nje, na vitabu vyake vya mafunzo vinapatikana bure.

Kikundi cha mwalimu mmoja wa Bunju kimechuchumaa juu ya tope lenye matundu. Kaa wadogo wanatoka na kuingia.

"Naona huyu ana gando moja kubwa," anasema mmoja.

"Na huyu hana. Yote mawili madogo."

"Najiuliza, huyu mwenye madogo ni mtoto?"

"Mtoto gani? Mbona wanalingana!"

Mwalimu wa Bunju anajua jibu. Namwona amelishika mdomoni. Kwa miaka yote darasani, kazi yake imekuwa kutoa jibu kabla kengele haijalia. Ananitazama, natikisa kichwa, naye anawageukia wenzake: "Mngejuaje kama ni mtoto au si mtoto? Mtaangalia nini?"

Hapo ndipo somo lilipoanza. Mmoja akasema tuangalie ukubwa wa mwili. Mwingine akasema labda gando lilivunjika, kwa hiyo tutafute kovu. Wa tatu akataka tuangalie wanavyofanya. Wakatulia kimya robo saa, watu wazima wenye shahada, macho kwenye tope. Wakaona kwamba wenye gando kubwa ndio wanaolipunga juu kila mara, na wenye madogo mawili wanakula kwa mikono yote, haraka haraka, wakati mwenye gando kubwa anakula kwa mkono mmoja tu. Dada mmoja akainuka ghafla: "Ni madume! Wanaita!" Alichokigundua ni kweli, na hakuna aliyemwambia.

Nasimulia haya kwa urefu kwa sababu katika kazi yangu sijui kitu kigumu kumfundisha mwalimu kuliko kulizuia jibu. Ujuzi huo haupatikani kwenye kitini. Mtu anaupata akiwa amechuchumaa, akitazamwa na mwenzake mwenye daftari, na akiona kwa macho yake kile kinachotokea anapokaa kimya.

Kikundi cha pili kiko kwenye mchu. Wanalamba jani: chumvi. Wanauliza imefikaje juu ya jani. Wamegundua pia vidole vya mizizi vilivyochomoza kutoka kwenye tope, vingi kuzunguka kila mchu, na wanabishana kama ni miche au ni mizizi. Mmoja anachimba kidogo kwa vidole, anafuata hadi chini, anakuta vyote vimeungana. Swali la hewa linakuja lenyewe: tope hili jeusi lenye harufu ya yai bovu halina oksijeni ya kutosha, basi mti unapumua wapi?

Saa tano na nusu napiga filimbi. Wananung'unika. Tunahesabiana: wote wapo.

Saa 6:15 mchana

Kivulini, tumenawa miguu, tunakula mihogo ya kukaanga na kachumbari. Waandishi wanasoma daftari zao. Mwalimu mmoja, mcheshi na mwenye sauti nzuri, anasomewa kwamba katika dakika ishirini amezungumza kumi na sita, na wanafunzi wake hawakuuliza swali hata moja. Anaiomba ile karatasi, anaikunja, anaiweka mfukoni. "Kesho narudia," anasema. Kutenda, kutafakari, kupata somo, kujaribu tena: David Kolb, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliuandika mzunguko huo mwaka 1984, na hatua ambayo mafunzo mengi huiruka ni hiyo ya mwisho. Kesho tunarudi wote, na yeye ndiye atakayeanza.

Kisha linakuja swali ambalo huja kila mara, na ni la haki. "Mwezeshaji, hapa tuko watano kwa mwalimu mmoja. Mimi nina watoto themanini na tano. Nitawatoaje?"

Nawajibu kwa kamba. Tunatoka kwenye kivuli, tunafunga kamba ya mita nne kuwa duara na kuilaza chini. Watoto sita au saba wanaizunguka. Kwa darasa la themanini na tano unahitaji kamba kumi na tatu, kila moja na kiranja wake aliyefundishwa siku moja kabla. Eneo ni uwanja wa shule, hakuna nauli wala kibali. Swali ni moja, limeandikwa ubaoni kabla hawajatoka. Dakika ishirini nje, dakika ishirini za kuandika ndani. Na si lazima iwe pwani. Shule nyingi za Dar zina mwarobaini, mwembe au mkungu. Darasa likirudi kwenye mti huo huo kila mwezi, likiandika majani, maua, wadudu, ndege na kivuli, mwisho wa mwaka lina takwimu zake lenyewe kwa somo la Jiografia na Mazingira na la Sayansi.

Suala la muda wa walimu kujifunza tunalimaliza haraka kuliko nilivyotarajia. Walimu tayari wana MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na jumuiya za kujifunza zinakutana shuleni kwao. Hakuna kinachozuia mkutano mmoja ukafanyika chini ya mwembe badala ya chumba cha walimu, mmoja akafundisha na mwingine akaandika dakika. Mwalimu mkuu mmoja aliyemo kwenye kundi anasema ataanza mwezi huu.

Saa 9:00 alasiri

Ofisini, feni inazunguka, naandaa vifaa vya kuwatumia. Navigawa vipande vidogo: ukurasa mmoja mmoja wa PDF na sauti fupi za WhatsApp, kwa sababu kitabu cha kurasa mia mbili kinamaliza bando na hakifunguliwi.

Vifaa vizuri vipo vingi kuliko watu wanavyodhani, ila vinahitaji mkono wa mtu wa hapa. Chama cha Amerika Kaskazini cha elimu ya mazingira, NAAEE, kina miongozo ya ubora inayomsaidia mwezeshaji kupima mafunzo yake. Tamko la Tbilisi la 1977 kuhusu elimu ya mazingira bado nalitumia, hasa pale linaposema lengo ni mwamko, maarifa, mtazamo, stadi na ushiriki. Nikilisoma tena huwa najiuliza siku ya leo imegusa mangapi kati ya hayo. Programu ya iNaturalist inawasaidia walimu kutambua kiumbe kwa picha, na wataalamu wa mbali wanasahihisha bila malipo. Lakini kadi ya zoezi inayozungumzia mti unaopukutisha majani wakati wa theluji haina kazi Mbagala. Naiandika upya kwa mbuyu, ambao hubaki mtupu wakati wa kiangazi, na mtoto anaweza kuuliza kwa nini.

Mimi mwenyewe nilianzia kwenye klabu ya Roots & Shoots shuleni. Watu wengi nje hawajui kwamba harakati hiyo ilizaliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1991, wanafunzi 12 walipokutana nyumbani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe. Ilianza na vijana waliokuwa na maswali juu ya waliyoyaona kwa macho yao.

Saa 11:00 jioni

Simu na kaka anayeongoza wageni katika msitu wa Pugu-Kazimzumbwi. Mwezi ujao nawapeleka walimu wa shule za Jangwani na Kigogo. Wanafunzi wao wanaijua Msimbazi inapofurika; nataka walimu waione inakotoka, kwenye vilima vya Kisarawe, kisha tuifuate hadi inapoingia baharini kwenye Daraja la Salenda, ili wakifundisha mafuriko wafundishe mto mzima.

Kaka huyu anaujua msitu kama sebule yake. Anajua anapolia komba wa Rondo usiku, mnyama mdogo sana aliyebaki katika vipande vichache vya misitu ya pwani yetu. Tatizo ni kwamba hutoa maelezo ya saa nzima bila kupumzika. Tumekubaliana achague vituo vinne tu, na kila kituo aanze na swali kisha ahesabu kimya hadi kumi. Amenifanyia jaribio kwenye simu. Alifika sita akaanza kueleza. Tukarudia, akafika kumi.

Saa 2:30 usiku

Ujumbe wa sauti kutoka kwa mwalimu wa Bunju. Amekwisha kununua kamba ya katani na kuikata vipande, na Alhamisi kipindi cha kwanza analitoa darasa la tano. Anaomba nije nimwandikie dakika zake. Nimemjibu nitafika saa mbili kasorobo na daftari, nitasimama nyuma karibu na bomba, na nimemwomba awachague viranja mapema ili wafanye zoezi lote mara moja wenyewe kabla hajawatoa wengine.