Recontextualize: kitu kilekile, makao mengine

Kitenzi hiki cha Kiingereza kina masharti magumu kuliko wengi wanavyodhani. Kinataka kitu kitolewe kwenye muktadha wake, kiingizwe kwenye muktadha mwingine, na maana yake igeuke kwa sababu ya uhamisho huo. Kitu chenyewe kinabaki kilivyo. Ukianza kukichonga upya, tumia kitenzi kingine, viko tele.

Sijaona mfano unaoushinda ule wa msanii Mfaransa Marcel Duchamp. Mwaka 1917, jijini New York, alichukua sinki la kukojolea la kauri, bidhaa ya kiwandani, akaligeuza likalala chali, akaliandika jina la kubuni “R. Mutt”, likapelekwa kwenye maonyesho kama sanamu iitwayo Fountain. Waandaaji wakagoma kulionyesha. Mbishi atasema saini nayo ni badiliko. Sawa, lakini saini hiyo ndiyo iliyolitoa sinki msalani na kulitia kwenye sanaa.

Kwa hiyo tunaandika: Duchamp recontextualized the urinal as sculpture. Ni kitenzi elekezi, hakisimami bila yambwa, yaani kitu kinachotendwa. Ukiishia “the artist recontextualizes”, msomaji anabaki kuuliza kahamishwa nani. “As” hutaja hadhi mpya ya kitu, “within” hutaja mazingira yanayokipokea. Mkazo wa sauti uko kwenye “tex”. Waingereza wengi huandika -ise, Wamarekani -ize. Chagua moja usichanganye.

Kinapoteleza zaidi ni kwa ndugu zake. Chukua sentensi moja ya hotuba. Ukieleza ilisemwa lini, wapi na mbele ya nani, hiyo ni contextualize. Ukiikata na kuiacha ikining'inia bila mwaka wala msemaji, ni decontextualize. Ukiibandika kwenye tangazo la viatu, ndipo inapofika recontextualize. Tena kitenzi hakisemi kama uhamisho ulifanywa kwa nia njema, na hapo ndipo ninapokishuku: aliyepotosha nukuu hukipenda sana, maana kinasikika kisomi kuliko “kupotosha”.

Kuna pia wanaokitumia kwa kila kinachosogea. Aya ikitoka ukurasa wa 2 kwenda wa 5 wa ripoti ileile, na bado inasema kilekile kwa wasomaji walewale, “move” inatosha kabisa.